Kofia ya Mwosha Maiti

Kazi ya kwanza niliyopewa hospitalini ilikuwa kumnyoa mtu mgongo, na mtu mwenyewe alikuwa anatetemeka. Wembe ulikuwa mkononi, sabuni inanikaukia vidoleni, nami nimesimama kama mtu aliyetumwa kukamata kuku wa jirani. Mzee Abedi, dresa mkuu, yaani mkuu wa wauguza vidonda, wa wodi ya wanaume, alinitazama kwa muda, kisha akauchukua wembe. Akaweka kiganja chake cha kushoto katikati ya mgongo wa yule mgonjwa. Hakumwambia asitetemeke. Alingoja mpaka mgongo na kiganja vikawa vinapanda na kushuka pamoja, ndipo akaanza kunyoa. Tulipotoka nje akaniambia kwamba ukimwambia mtu asiogope, umemwarifu kuwa lipo la kuogopa.

Ninyi vijana mliobaki wodini mmeniomba niandike kazi ilivyokuwa kabla yenu. Vyeo na mshahara nitaviacha, havikuwa vingi kiasi cha kumfurahisha msomaji. Nitaandika habari ya hofu, maana ndiyo niliyoishika mikononi kuliko dawa, na hasa hofu ya watu waliokuwa wanangoja kupasuliwa uti wa mgongo.

Vifaa vyetu mnavijua kwa kusikia. Sindano zilikuwa za kioo, tukazichemsha kwenye jiko la pampu ambalo lilizimika kila upepo ulipotoka baharini. Bandeji zilifuliwa, zikaanikwa, zikakunjwa, zikarudi kwa mgonjwa mwingine zikiwa laini kuliko mpya. Wembe tuliunoa kwa ukanda wa ngozi, na Mzee Abedi aliujaribu kwenye nywele za mkono wake mwenyewe, ndiyo maana mkono wake mmoja haukuwa na nywele hata moja.

Kwa wagonjwa wa uti kulikuwa na kifaa kingine, kitanda cha plasta. Kifua kikuu hakikai kifuani tu. Kwa watu wengine hushuka katika mifupa ya mgongo, kikaila polepole, kikaweka usaha unaobana mshipa wa fahamu unaopita mle ndani. Miguu huanza kuwa mizito, kisha inakufa ganzi, kisha mtu anaiona kitandani lakini haisikii. Daktari akikubali kupasua, sisi tulimlaza mgonjwa kifudifudi siku chache kabla, tukamfunika mgongo kwa bandeji za plasta zilizolowa, toka kisogoni mpaka mapajani. Ikikauka tunaibandua, inabaki ganda jeupe lenye umbo lake hasa. Tunalianika juani barazani. Akishapasuliwa atalala ndani ya ganda hilo kwa miezi, asipinde wala kugeuka. Kazi safi, na mimi niliipenda. Sikuwahi kufikiri mgonjwa anaionaje akiitazama kutoka dirishani.

Wa kwanza niliyemsukuma mwenyewe kwa kitoroli mpaka mlango wa chumba cha upasuaji alikuwa mchoma chokaa wa Kawe, mtu mpana wa mabega, mwenye kucheka kwa sauti. Aliletwa amechelewa, na daktari hakumficha. Alirudi akiwa hai. Miguu haikurudi. Miezi aliyokaa kwetu alikuwa akiitazama kama mzigo wa abiria aliyeshuka akausahau, na kicheko kile hatukukisikia tena. Baadaye ndugu zake walikuja wakamchukua. Ninamtaja kwa sababu, tangu siku ile, kila niliposhika kitoroli kwenda kwenye ule mlango, nilimwona.

Mzee Mwinyimvua alikuja wodini miaka mingi baadaye, Mzee Abedi akiwa amekwisha kustaafu na mimi nimerithi wembe wake. Alibebwa kutoka Temeke juu ya kitanda cha kamba, mkewe Bi Tatu akitembea kando na mkoba. Alikuwa Mzaramo mwembamba, ndevu nyeupe zilizochongwa vizuri, na kichwani kofia ya viua, yenye vitobo na maua ya uzi, aliyoishona mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kuosha maiti. Watu wa Temeke na wa njia yote ya kwenda Mbagala, wakifiwa na mwanamume, walimwita yeye. Kofia ile, alinieleza baadaye, aliishona kidogo kidogo katika nyumba za watu, akiwa amekaa kungoja sanda iletwe kutoka dukani kwa Mhindi.

Nilimwamkia. Akaitikia marahaba, kisha, kabla sijamuuliza anaumwa wapi, akaniuliza kabila langu. Nikamwambia Mnyamwezi.

Akamgeukia mkewe. "Bi Tatu, ushike mkoba vizuri. Tumeangukia kwa mtani."

"Mkoba kaeni nao," nikasema. "Mie naitaka hiyo kofia. Usije ukazikwa nayo."

"Kofia hii haikutoshi. Kichwa cha mpagazi kimebebeshwa mizigo mpaka kimekuwa kibao cha chapati."

Wodi nzima ikacheka, na kazi yangu ikawa nyepesi. Ninyi mliozaliwa mjini mnaweza msielewe vizuri. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, na mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Msibani ndiye anayelala kaburini akakataa kutoka mpaka apewe chochote. Ndiye anayevaa nguo za marehemu na kuigiza anavyotembea, na wafiwa wakacheka na machozi bado yanatoka. Mzee Mwinyimvua, kwa kazi yake, alikuwa amewaona watani wengi wakifanya hivyo, na mimi kwa asili yangu nilikuwa nimefanya mara kadhaa huko Kinondoni. Tulikuwa watu wa pande mbili za shughuli moja.

Basi ikawa desturi. Kila asubuhi nilipokuja na beseni, kabla ya salamu za mtu mwingine, naidai kofia. Yeye anakataa kwa tusi jipya. Wagonjwa wa vitanda vya jirani waliyangoja matusi yale kuliko chai, na mmoja wao, fundi viatu aliyevunjika nyonga, alikuwa akiyarudia kwa wageni wake kama taarifa ya habari. Lakini nilipokuwa namwosha miguu nilikuwa namkwaruza nyayo kwa ukucha bila kumwambia. Mwanzoni alivuta mguu. Kisha akawa anachelewa kuuvuta. Kisha asubuhi moja nilikwaruza, naye aliendelea kunitukana kichwa changu, wala hakujua nimemgusa.

Nilimwarifu daktari siku ileile. Alikuja, akampima kwa sindano na kwa ufunguo, akakaa pembeni ya kitanda akamweleza kupitia kwangu. Usaha unabana. Akiachwa, miguu itakufa kabisa, na baada ya miguu ni kibofu, na baada ya hapo hakumalizia. Akipasuliwa upesi, huenda ikarudi. Mzee aliuliza neno moja tu, hiyo huenda ni kubwa kiasi gani. Daktari akasema hajui. Nilimheshimu kwa jibu lile.

Mzee alikubali. Tukampiga plasta. Ganda likaanikwa barazani, na nilimwona akiligeuzia uso.

Sasa nieleze siku moja kabla ya upasuaji, kwa utaratibu, maana kila kilichofanywa siku ile kilikuwa sahihi kwa mujibu wa kazi.

Sista wetu, Mzungu mwenye moyo mzuri aliyejifunza Kiswahili chake kwa bidii, alikuwa na kanuni kwamba mgonjwa wa upasuaji mkubwa apewe utulivu. Asubuhi aliamuru kitanda cha mzee kizungushiwe mapazia ya fremu. Katika wodi yetu mapazia yale yalitumika kwa mtu anayekata roho, kila mgonjwa alilijua hilo. Kisha akaniita mlangoni. Alisema anajua ninamtania mzee na kwamba mzee hachukii, lakini leo hapana. Leo niseme naye kwa upole. Niliitikia. Sikuona ubaya wa upole.

Chakula hakuletewa, ila uji mwepesi, na baadaye hata maji akakatazwa. Fundi viatu akaja kwa magongo yake, akarudisha kitana alichoazima, akamwomba radhi kwa yote yaliyopita baina yao, ingawa hakukuwa na lolote ila kitana. Wengine wakamfuata. Bi Tatu akafika na ndugu wa Temeke, wakakaa ndani ya mapazia, wakasoma dua kwa sauti ya chini. Hakuna aliyemwambia kofia yake imekaa upande, wala kwamba ndevu zake zimekua kama za beberu. Kila mtu aliongea naye kama anayepita karibu na mtoto aliyelala.

Alasiri nikaja na beseni. Tulifundishwa kumwosha mgonjwa kuanzia kichwani, upande wa kulia kwanza, kwa sababu stuli ya beseni ilikaa kulia. Nikaanza.

"Kulia kwanza," akasema.

"Ndiyo, mzee. Beseni liko huku."

Nilimgeuza, nikaweka kiganja mgongoni kama nilivyofundishwa, nikangoja. Mgongo haukuwa unatetemeka. Ulikuwa mgumu, umetulia, na utulivu ule uliniogopesha kuliko mtetemeko wowote niliowahi kuushika. Nikamnyoa, nikampaka dawa, nikafunika kwa pamba na kitambaa safi. Nikamvisha joho la bafta jeupe, nikalifunga tepe zake tatu nyuma. Niliona vidole vyake vinapapasa kitambaa, vikikisugua taratibu kama mtu anayepima nguo dukani. Mwisho nikamvua kofia, maana haikuruhusiwa, nikaiweka kabatini kwa mikono miwili. Sista alikuwa amesimama karibu, akanitikisia kichwa kwa kuridhika.

Usiku ule nilikwenda nyumbani Kinondoni na sikula. Mke wangu aliniuliza, nikamwambia nimechoka.

Asubuhi nilimkuta ameshika chuma cha kitanda kwa mikono yote miwili, juu ya kichwa chake. Kitoroli kilikuwa tayari, na dresa wa chumba cha upasuaji alikuwa amekwisha kuja mara mbili kuuliza. Sista alikuwa akimsihi kwa sauti nyororo. Bi Tatu amekaa sakafuni, leso usoni. Mzee hakupiga kelele, hakulia. Alisema haendi. Kama ni kufa atafia Temeke, aoshwe na mtu anayejua.

Sista akanieleza kando kwamba daktari hawezi kumlazimisha, na kwamba upasuaji ukiahirishwa, kesho daktari anaondoka kwenda bara na atarudi wakati miguu imekwisha kufa. Alikuwa karibu kulia. Nikaomba aniachie.

Nikainama ndani ya mapazia. Midomo ya mzee ilikuwa imekauka, nyeupe pembeni.

"Niambie kweli," akasema. "Mmeshanihesabu maiti?"

"Hapana, mzee."

"Muongo. Mimi kazi hii naijua. Mmenizungushia pazia, mmeninyima maji, mmeniosha kulia kwanza, mmenivika bafta ya sanda mkafunga mafundo matatu. Watu wameniomba radhi. Na lile jeneza langu la plasta liko barazani, limechukuliwa kipimo." Akapumua. "Hayo yote ningeyavumilia, nikasema ni ya Wazungu. Lakini wewe."

"Mimi nimefanya nini?"

"Jana uliitia kofia yangu kabatini, na hukuitaka."

Nikalitazama kabati.

"Kila siku unaidai. Jana hukuidai. Mtu haombi kitu ambacho kesho kitakuwa chake."

Nimefanya kazi hospitalini maisha yangu yote, na sijapata kusikia ugonjwa ukielezwa vizuri zaidi ya hapo. Nilimwona mchoma chokaa wa Kawe. Nilijua kwamba nikimtoa mtu huyu kwenye chuma kile, huenda ninamtoa kwenda kule kule, na kwamba nikimwacha, hakuna huenda tena. Kumwambia asiogope hakungefaa kitu. Hata mimi nisingejiamini.

Nikafungua kabati, nikaitoa kofia, nikaivaa. Haikunitosha kwa kweli, ilikaa utosini kama kifuniko cha birika.

"Umesema sawa," nikamwambia, na nikapaza sauti ili wodi isikie. "Nimechoka kuomba. Ninaondoka nayo sasa hivi mpaka Temeke. Nitasimama sokoni niwaambie, yule mwosha wenu anayewageuza wafu kama magunia ameuona wembe mmoja tu, kajifungia ndani ya pazia kama mwali. Waje na ngoma wamcheze."

Nilimsikia Sista akivuta pumzi. Kumfananisha mzee wa Kizaramo na msichana aliyewekwa ndani ni tusi ambalo hata mtani hulifikiria kwanza.

Macho ya mzee yakanigeukia polepole.

"Vua kofia yangu."

"Njoo uivue."

"Mnyamwezi. Nakwambia vua."

"Ninaipitisha kwa daktari kwanza, nikamwonyeshe alivyo mwoga mwenye kofia. Ukiitaka, itakuwa mlangoni kwake."

Nyuma ya pazia fundi viatu akacheka, kicheko kimoja kifupi kama kikohozi. Mzee akatazama dari. Kisha nikaona kidole kimoja kinaachia chuma, na cha pili.

"Nibebeni," akawaambia wale wa kitoroli. "Mwizi huyu asitangulie mbali."

Nilitembea mbele yake katika ukumbi wote ule mrefu na kofia utosini, nikitupa mikono kama bwana harusi, wala sikuthubutu kugeuka. Nyuma yangu alikuwa akinitukana. Alimtukana baba yangu, mizigo aliyobeba baba yangu, na njia nzima ya Tabora. Sauti yake ilikuwa inakatika katikati ya maneno, lakini haikukoma. Mlangoni nikasimama. Akanyoosha mkono, nikadhani anataka kofia, nikaivua nimpe.

"Irudishe kichwani," akasema chini, mimi na yeye tu. "Ikae hapo mpaka nitoke, nijue ilipo. Ukiivua kabla, umeiba kweli."

Wakamwingiza. Nilibaki nje.

Ninyi mnajua saa za kungoja zilivyo, sitazieleza. Nitasema tu kwamba wodi ilikuwa inaniita, nami nilifanya kazi zangu zote na kofia ya mwosha maiti kichwani. Nilichemsha sindano, nikafunga vidonda, nikamwekea chombo mgonjwa aliyezidiwa. Kila nilipoinama nilishika utosi isije ikaanguka. Sista alinipita mara kadhaa. Sare yetu haikuruhusu kofia ya aina ile, na alijua. Mara ya mwisho alisimama, akaitazama, akainyoosha upande mmoja, akaenda zake.

Walimleta akiwa ndani ya ganda lake la plasta, uso umekuwa kama majivu, harufu ya dawa ya usingizi inamtoka mdomoni. Daktari alikuja nyuma yake, shati limeloa. Alisema usaha umetoka mwingi na kwamba sasa ni kungoja. Nilikaa. Bi Tatu alikaa upande wa pili. Mzee alipofumbua macho hakunitazama usoni, alitazama juu ya uso wangu.

"Ipo," akasema, akafumba tena.

Jioni daktari alimpitishia ufunguo kwenye nyayo. Mguu wa kushoto ulijikunja kidole kimoja, kidogo sana, kama mtu anayeitikia usingizini. Wa kulia haukufanya kitu. Tangu hapo nikawa ninaukwaruza mguu ule kila asubuhi, wiki baada ya wiki, nikidai kofia kwa mdomo na kumwomba Mungu kwa ndani, mpaka asubuhi moja alikatiza tusi lake katikati akaniuliza kwa nini nina kucha ndefu kama za bundi. Nikalazimika kutoka nje kidogo.

Alitoka hospitalini kwa fimbo mbili, akaja kubaki na moja. Mguu wa kulia aliuburuta siku zote. Hakurudi kwenye kazi yake, maana kuinama hakuweza, ila aliwafundisha wengine akiwa amekaa kitini. Tangu hapo, nilipopata mgonjwa wa kwenda kwenye mlango ule, nilimuuliza kwanza nyumbani kwake watu hufanya nini mtu anapokaribia kufa, ili nijue yapi nisimfanyie. Na mapazia ya fremu Sista aliyapeleka stoo siku za maandalizi. Hakutoa maelezo.

Nimestaafu mwaka huu. Wiki iliyopita nilikwenda Temeke, kwa kuwa Bi Tatu alituma neno kwamba mzee hainuki tena kitandani. Nilimkuta chumbani amelala kwa ubavu, amekuwa mdogo, miguu imevimba, pumzi inapanda kwa shida. Kofia ilikuwa kichwani, viua vyake vimefifia mpaka huwezi kujua uzi ulikuwa rangi gani. Ndugu walikuwa wamekaa ukutani, wakiongea kwa upole. Niliijua sauti ile. Nikaamkia, nikakaa kitandani kwake, na ninakiri kwenu, wenzangu, nilikuwa na hofu ileile ya ukumbini.

"Mzee," nikasema, "nimeifuata kofia yangu."

Ndugu wakageuka kunitazama. Alichukua muda mrefu kufumbua macho, na muda mwingine kuupandisha mkono mpaka kichwani. Akaishika.

"Haikutoshi," akasema.

Nikakaa hapo hapo, nikangoja apate pumzi ya kusema tusi la kichwa changu.